Jiji Lililopakana na Bunge: Edinburgh, Holyrood na Ufunguo wa Mfuko

Mada hii iliombwa ijibu swali moja: taifa lisilo na dola kamili linapopata bunge lake, mji mkuu unaolipokea bunge hilo hunufaika au huumia? Waandaaji wa semina walitaka mfano mmoja uchambuliwe badala ya mifano kumi kupitiwa juu juu, na uliochaguliwa ni Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Kwa kuwa washiriki wengi ni madiwani, wakurugenzi na maofisa fedha wa halmashauri, mtoa mada ameona asiwachoshe kwa wanayoyajua. Atakaa zaidi kwenye jambo ambalo limemla sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, yaani mapato ya mji wenyewe. Kama ilivyo ada, anatanguliza kwamba maoni yaliyomo humu ni ya kitaaluma na hayailengi taasisi yoyote ya hapa nyumbani.

Istilahi, kwa haraka

Ugatuzi ni mamlaka ya juu kuikabidhi ngazi ya chini sehemu ya madaraka yake kwa sheria. Bunge la ugatuzi ni chombo cha kutunga sheria kilichoundwa kwa njia hiyo, chenye wabunge wa kuchaguliwa na serikali inayowajibika kwao, lakini kikiwa bado chini ya dola kubwa. Serikali ya mtaa ni halmashauri iliyochaguliwa na wakazi wa eneo lake. Haya yamo katika kila kitabu cha utawala, na hakuna haja ya kuyarudia hapa.

La kuongezea ni moja tu. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1998 iliorodhesha mambo yatakayobaki London, kama ulinzi na mambo ya nje, na kila ambacho hakikuorodheshwa kikawa cha Bunge la Uskoti. Serikali za mitaa hazikuwamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo halmashauri zote 32 za Uskoti, zilizokuwa na umri wa miaka miwili tu tangu mfumo wake ubadilishwe mwaka 1996, zilihama kutoka mikononi mwa London zikaingia mikononi mwa Edinburgh bila kifungu hata kimoja cha kulinda mapato yao. Tatizo lote linaloelezwa katika mada hii limeanzia hapo.

Robo saa kwa miguu

Wananchi walipiga kura ya maoni tarehe 11 Septemba 1997, na asilimia 74.3 ya waliopiga kura wakalitaka bunge. Bunge lilikaa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Mei 1999 katika ukumbi wa kuazima wa Kanisa la Uskoti. Jengo lake lenyewe, Holyrood, lilifunguliwa rasmi Oktoba 2004, likiwa limechelewa miaka mitatu. Mwaka 1997 serikali ilikuwa imetaja gharama ya kati ya pauni milioni 10 na milioni 40. Lilipokamilika lilikuwa limekula pauni milioni 414. Msanifu wake, Enric Miralles, na Waziri Kiongozi Donald Dewar aliyelipigania, walifariki wote mwaka 2000 bila kuliona limesimama.

Washiriki waangalie hasa namna kiwanja kilivyopatikana. Mjini tayari kulikuwa na ukumbi katika mlima wa Calton, ile Royal High School ya zamani, uliotengenezwa kwa ajili ya baraza lililokusudiwa mwaka 1979. Baraza hilo halikuzaliwa, kwa sababu katika kura ya maoni waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliokataa lakini hawakufikia asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa, kama sheria ilivyodai. Safari ya pili Dewar, wakati huo akiwa waziri katika serikali ya London, aliamua Januari 1998 kwamba bunge liende Holyrood, mwisho wa barabara kuu ya mji mkongwe, mkabala na kasri la kifalme. Jengo muhimu kuliko yote ya kizazi kile katika mji ule liliwekwa mahali alipopachagua waziri, na nafasi ya halmashauri ikawa ile ya mwenyeji anayeonyeshwa ramani.

Leo anayetoka City Chambers, makao ya halmashauri yaliyo karibu na kanisa la St Giles, akashuka na barabara hiyo kuelekea mashariki, hufika mlango wa Bunge kwa robo saa hivi. Atapita maduka ya whisky na skafu za sufu, na wapiga zumari waliovaa sketi zao za kiume. Akiwa na jicho la ofisa mapato, atapunguza mwendo na kutazama milango ya ngazi za majengo ya zamani. Katika mingi ataona visanduku vidogo vya chuma vyenye tarakimu, vimefungwa kwenye vyuma vya uzio. Humo hukaa funguo za vyumba vinavyopangishwa watalii kwa siku mbili tatu. Mgeni hubonyeza tarakimu alizotumiwa kwenye simu, huchukua ufunguo, hulala, huondoka, wala hakutani na mwenye nyumba. Kwa miaka mingi kila usiku wa aina hiyo ulipita bila halmashauri kupata hata senti moja kutoka kwa mgeni mwenyewe, huku taka zake zikizolewa na halmashauri ileile.

Vyama viwili ndani ya chama kimoja

Bunge la Uskoti lina wabunge 129. Katika uchaguzi wa mwaka 2021 jiji la Edinburgh lilikuwa na majimbo sita kati ya 73, na chama cha SNP kilichukua manne, Labour moja, Liberal Democrats moja. Halmashauri ina madiwani 63. Uchaguzi wa madiwani wa mwaka 2022 uliwapa SNP viti 19, Labour 13, Liberal Democrats 12, Chama cha Kijani 10 na Conservative 9. Anayehesabu kwa vidole atasema jiji likaongozwa na SNP. Haikuwa hivyo. Labour, chenye viti 13, ndicho kilichounda uongozi kwa kura za Liberal Democrats na Conservative. Kwa hiyo chini ya barabara kukawa na serikali ya SNP na juu ya barabara uongozi wa Labour, na bajeti ya huyu inaamuliwa na yule.

Mfano mkali zaidi ni wa mwaka 2007. Uchaguzi wa bunge na wa madiwani ulifanyika siku moja, Mei 3, kila mmoja kwa aina yake ya karatasi na aina yake ya kuhesabu. Zaidi ya kura 140,000 za bunge ziliharibika, na tangu hapo chaguzi hizo mbili zikatenganishwa. SNP kiliibuka na viti 47 dhidi ya 46 vya Labour, kikaunda serikali ya wachache. Mjini Edinburgh, chama hichohicho kiliingia ubia na Liberal Democrats kuongoza halmashauri.

Mezani kulikuwa na mradi wa tramu, bajeti yake pauni milioni 545. SNP kitaifa kilitaka kuufuta. Wabia wake wa mjini walikuwa watetezi wakubwa wa mradi huo. Juni 27 Bunge lilipiga kura, vyama vya upinzani vikaungana, serikali ikashindwa kwa kura 81 dhidi ya 47. Waziri wa Fedha, John Swinney, alikubali kwa shingo upande: serikali ingetoa pauni milioni 500 na haitazidisha. Kisha wakala wa usafiri wa serikali kuu, aliyekuwa na wataalamu wa miradi mikubwa, akaondolewa kwenye usimamizi, mradi ukaachiwa kampuni ya halmashauri.

Yaliyofuata yanajulikana. Barabara ya Princes ilichimbwa, ikafukiwa, ikachimbwa tena. Kampuni ya jiji na mkandarasi wakagombana hadi wakapelekwa kwenye usuluhishi mwaka 2011, mwaka ambao abiria walikuwa wameahidiwa wangeshapanda. Tramu ilianza kutembea tarehe 31 Mei 2014, njia ikiwa imefupishwa, gharama ikiwa pauni milioni 776. Uchunguzi wa Jaji Hardie ulitangazwa mwaka huohuo na ripoti yake ikatoka Septemba 2023, baada ya miaka tisa. Ililaumu kampuni ya jiji, ikalaumu halmashauri, na ikawalaumu mawaziri kwa kumwondoa yule wakala wakati fedha nyingi zilikuwa za kwao.

Mtoa mada hasemi kwamba jiji halikukosea. Lilikosea sana. Anachosema ni kwamba Bunge liliamua mradi uendelee, serikali iliyoshindwa kwenye kura ikajitoa kwenye kuusimamia, na deni la ziada likaangukia walipa kodi wa jiji ambao halmashauri yao haikuwa na kura katika uamuzi ule wa Juni 27.

Ushuru wa kitanda

Hapa ndipo mtoa mada anapoomba radhi kwa kukaa muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu.

Edinburgh hupokea mamilioni ya wageni kwa mwaka, na Agosti, mwezi wa tamasha lililoanza mwaka 1947, mji hufurika. Wakazi wake wamezidi kidogo laki tano. Barabara, taka, vyoo vya umma, taa na bustani vimepangiwa bajeti ya hao laki tano lakini vinatumiwa na umati wote. Miji ya Ulaya ililimaliza jambo hili zamani: mgeni akilala, hulipa kitu kidogo kwa mji. Amsterdam sasa hutoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Paris, Roma na Barcelona hutoza kwa viwango vyao. Edinburgh haikuweza kutoza hata peni moja, kwa sababu halmashauri ya Uskoti haiwezi kubuni kodi mpya. Sharti Bunge litunge sheria ya kuiruhusu.

Ombi la jiji si la jana. Limepita kwa viongozi wa vyama tofauti, na kila mara jibu lilikuwa kwamba wenye hoteli wana wasiwasi, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 20 tayari, tusubiri mashauriano ya kitaifa. Mwishoni mwa Januari 2019 serikali ya SNP, ikihitaji kura za Chama cha Kijani kupitisha bajeti yake, ilikubali kuleta sheria. Ifahamike vizuri: madai ambayo mji mkuu uliyapeleka kwa hoja na takwimu yalikubaliwa siku yalipogeuka kuwa bei ya kura bungeni.

Februari 2019 halmashauri ilipitisha mpango wake, pauni 2 kwa chumba kwa usiku, na makadirio ya karibu pauni milioni 15 kwa mwaka. Mwaka huohuo serikali ikaanza kukusanya maoni. Machi 2020 korona ikaja na kazi ikasimamishwa, jambo ambalo hakuna wa kulilaumu. Lakini korona ilipokwisha muswada haukurudi mara moja. Uliwasilishwa Mei 2023. Ulipitishwa tarehe 28 Mei 2024. Ndani yake kulikuwa na sharti kwamba halmashauri ikishaamua kutoza, ingoje miezi 18 kabla ya kuanza. Januari 24, 2025 Edinburgh ikaamua: asilimia 5 ya gharama ya malazi, kwa siku zisizozidi tano mfululizo, kwa wageni watakaolala kuanzia tarehe 24 Julai 2026. Mapato yanatarajiwa kufika hadi pauni milioni 50 kwa mwaka mambo yakishatulia.

Hesabu ni nyepesi. Kutoka kura ya madiwani Februari 2019 hadi mgeni wa kwanza kulipa Julai 2026 ni zaidi ya miaka saba. Ukitoa miaka miwili ya korona, inabaki zaidi ya mitano. Mkurugenzi yeyote aliyemo ukumbini anajua miaka mitano ya chanzo cha mapato ni barabara ngapi na madampo mangapi.

Na kuna kichekesho chake. Manchester iko Uingereza yenyewe, sehemu ambayo haina bunge lake la ugatuzi. Mwaka 2023 wenye hoteli wa katikati ya mji huo, baada ya kupiga kura chini ya sheria ya maeneo ya biashara iliyokuwapo tangu zamani, walianza kutoza pauni moja kwa chumba kwa usiku ili kutangaza na kusafisha mji. Njia yao ina mapungufu yake, kwani fedha haziingii halmashauri. Hata hivyo mji usio na bunge mlangoni uliwahi kuliko mji wenye bunge mlangoni.

Kuhusu vile visanduku vya funguo, habari inafanana. Sheria ya kutoa leseni kwa nyumba za watalii ilitoka Holyrood mwaka 2022, na Septemba mwaka huo Edinburgh yote ikatangazwa eneo la udhibiti. Jiji likaandika sera kali dhidi ya kupangisha nyumba nzima katika majengo yenye ngazi ya pamoja. Juni 2023 Mahakama ya Session ikaamua kwamba vipengele kadhaa vya sera hiyo ni kinyume cha sheria. Bunge liliipa halmashauri kazi ya kumdhibiti mwenye nyumba, lakini halikuipa mamlaka yaliyo wazi kiasi cha kusimama mahakamani. Wanasheria wa jiji ndio waliokwenda kuaibika kizimbani.

Kodi ya nyumba na miaka iliyogandishwa

Chanzo kikuu cha mapato ya ndani ya halmashauri za Uskoti ni kodi ya nyumba. Nyumba hupangwa katika madaraja kwa thamani iliyokuwa nayo mwaka 1991. Mshiriki asidhani ni kosa la uchapaji. Mtu aliyejenga mwaka jana hukadiriwa nyumba yake ingeuzwa kiasi gani mwaka 1991, kabla hata bunge lenyewe halijakuwapo. Serikali zilizofuatana Holyrood zimeunda tume, zimepokea ripoti, na zimeziweka kabatini. Hakuna chama kinachotaka kuingia kwenye uchaguzi kikiwa ndicho kilichopandisha kodi ya nyumba ya mtu wa mji mkuu, ambako bei za nyumba zimepanda mno.

Juu ya hilo, kuanzia mwaka wa fedha 2008/09 hadi 2016/17 kodi hiyo iligandishwa kwa makubaliano ambayo halmashauri ilipewa ruzuku kidogo ikikubali na kunyimwa ikikataa. Miaka tisa. Juni 2023 serikali na umoja wa halmashauri wakatia saini mkataba wa kuheshimiana, unaoitwa wa Verity House kwa jina la jengo ulimosainiwa. Oktoba mwaka huohuo Waziri Kiongozi Humza Yousaf akasimama kwenye mkutano wa chama chake akatangaza kugandisha kodi ya nyumba tena, na umoja wa halmashauri ukasema haukushirikishwa. Wino ulikuwa haujatimiza miezi minne. Ugandishaji ulipoondolewa, Edinburgh ilipandisha kodi kwa asilimia 8 kwa mwaka 2025/26, na wananchi wakawakasirikia madiwani.

Kodi ya majengo ya biashara nayo hukusanywa na halmashauri, ila kiwango chake huwekwa na mawaziri, na fedha huingia kwenye hesabu ya taifa zima kisha hugawanywa upya. Mgawo una kanuni ya kwamba halmashauri yoyote isipate chini ya asilimia 85 ya wastani wa nchi kwa kila mkazi. Edinburgh, mji unaosemwa kuwa tajiri, umekuwa miongoni mwa zinazohitaji kanuni hiyo ili zisianguke zaidi. 

Mwisho wa uchambuzi huu ni kipengele kinachomuuma mtoa mada kuliko vyote. Kwa sheria ya mwaka 2011 halmashauri za Uingereza yenyewe zina mamlaka ya jumla ya kufanya jambo lolote ambalo mtu binafsi anaweza kufanya, ilimradi sheria haijalikataza. Halmashauri za Uskoti hazikupewa. Zina kifungu cha mwaka 2003 cha kuendeleza ustawi, chembamba zaidi. Waskoti walitafuta bunge lao ili maamuzi yasogee karibu na wananchi, na maamuzi yalisogea kweli, yakafika Holyrood, yakavua viatu na kuketi.

Kwa Cardiff ieleweke hivi tu, muda ukiwa mfupi: mwaka 1997 wakazi wengi wa mji mkuu wa Wales walikataa baraza katika kura ya maoni, Wales kwa jumla ikalikubali kwa tofauti ndogo sana, kisha halmashauri ya jiji ikashindwana bei na waziri kuhusu ukumbi wake wa City Hall. Baraza likaenda kukaa kwenye ghuba, nalo ndilo Senedd ya leo. Uhusiano wa mji na bunge unaweza kuharibika hata kabla ya kikao cha kwanza.

Nyumbani

Zanzibar ndiyo iliyo karibu zaidi na mfano huu. Ina Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980, ndani ya muungano, na ina mji ambao Mji Mkongwe wake umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mabaraza ya manispaa yake yanaishi kwa sheria iliyotungwa na Baraza hilo, Namba 7 ya mwaka 2014. Watalii waliofika visiwani mwaka 2023 walizidi laki sita. Maswali ya Edinburgh kuhusu nani azoe taka za mgeni na nani achukue fedha zake yanaweza kuulizwa Darajani na Shangani bila kubadilishwa neno. Majibu yake mtoa mada anawaachia wenye dhamana.

Tanzania Bara, kodi ya majengo ilihamishwa mwaka 2016 kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Ukusanyaji ulirahisika, diwani alibaki na mtaro. Dar es Salaam ilivunjiwa halmashauri yake ya jiji Februari 2021 na Ilala ikapewa hadhi hiyo. Nairobi ilikabidhi kazi zake kubwa kwa serikali kuu Februari 2020 na kurudishiwa mwaka 2022. Lakini Kenya ina kitu ambacho Edinburgh haina: Kifungu cha 203 cha Katiba ya 2010 kinachotaka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mtu anaweza kulalamika kwamba fedha hizo hutumwa zikiwa zimechelewa, na kaunti hulalamika kila mwaka. Angalau zina kifungu cha kulalamikia.

Mapendekezo

Kwanza, sheria yoyote inayounda bunge la ugatuzi itaje serikali za mitaa na ilinde sehemu yao ya mapato kwa asilimia, kama ilivyo Kenya. Kisicholindwa siku ya kwanza hakilindwi baadaye.

Pili, halmashauri ya mji mkuu ipewe mamlaka ya jumla ya kutenda, na pamoja nayo mamlaka ya kubuni ushuru mdogo wa ndani, hasa wa wageni, bila kusubiri sheria mahsusi kwa kila ushuru. Bunge liweke kiwango cha juu, mji uchague chini yake.

Tatu, pale sheria mahsusi inapobidi, iwe na muda. Mji ukipeleka ombi lililopitishwa na madiwani, bunge lijibu ndani ya mwaka mmoja, kwa ndiyo au hapana yenye sababu. Hapana iliyoandikwa ni bora kuliko mashauriano ya miaka saba.

Nne, ushuru wa wageni uingie mfuko wa mji na utumike mjini. Hili limedokezwa katika la pili, lakini uzoefu unaonyesha linahitaji kusemwa waziwazi.

Tano, thamani ya majengo ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyozidi mitano na chombo huru, ili pasitokee tena mwaka 1991 wa kudumu.

Sita, serikali ikitaka kugandisha kodi ya halmashauri, ilipe pengo lote, na itangaze mbele ya halmashauri kabla ya kutangaza mbele ya chama.

Saba, bunge likiamua mradi mkubwa wa mji, serikali ibaki kwenye usimamizi mpaka mwisho, na gharama za ziada zigawanywe kwa uwiano wa mchango wa mwanzo. Ripoti ya Hardie isomwe na kila ofisa mipango.

Nane, uchaguzi wa madiwani na wa wabunge usifanyike siku moja kwa mifumo miwili tofauti ya kura.

Tisa, kuwe na kamati ya pamoja ya bunge na halmashauri ya mji mkuu, yenye katibu, kumbukumbu zilizochapishwa na vikao vya tarehe maalumu. Mazungumzo ya korido hayana muhtasari.

Kumi, na hapa mtoa mada anarudia la kwanza kwa makusudi: asilimia iandikwe katika sheria. Mikataba ya kuheshimiana ni mizuri, lakini ule wa Verity House haukuheshimiwa hata miezi minne.

Washiriki wanaombwa, kabla ya kutoka, wajaze nyuma ya fomu ya tathmini chanzo kimoja cha mapato ambacho halmashauri yao imekipoteza, mwaka kilipopotea, na sheria au waraka uliokiondoa. Fomu zisizo na majina zikabidhiwe mezani kwa sekretarieti, ili orodha hiyo ifike kwa wajumbe wa kamati ya bajeti kabla ya kikao kijacho.